Diwani Yu Hai, Nami Sijang'atwa

Karibu na soko la Rodi Kopany,
Kaunti ya Homa Bay.
Tarehe 6 Juni, 2024.

Mpendwa kaka yangu Abdishakur,

Assalaam alaikum warahmatullah. Hujambo kaka, na Doha haijambo? Wifi yangu Kultum je, mgongo wake umetulia? Na joto hilo mnalolilalamikia kila siku, limepungua au bado linawatesa? Sisi huku tunashukuru. Tuna mafua ya mvua na matope hadi magotini, lakini uzima upo.

Mama yuko nyumbani Suna. Presha ilimpanda nikaenda kukaa naye, sasa imeshuka. Nilijua amepona siku aliyoanza tena kugombana na muuza maziwa kwamba anatuuzia maji. Anakusalimu sana, na anauliza kwa nini siku hizi sauti yako kwenye simu ni ya mtu mwenye hasira.

Mimi najua kwa nini, ndiyo maana nimeshika kalamu. Hamud, mtoto wa ami, anarudi huko kazini na amekubali kunibebea karatasi hizi. Kwenye simu hunipi nafasi, kaka. Nikianza kueleza unafoka, na ukimaliza kufoka unakata. Basi keti, umwambie wifi akutilie chai, unisome hadi mwisho.

Nianze na linalokuuma. Sikung'atwa. Ile video uliyotumiwa, inayonionyesha nimeanguka matopeni na kichwa cha Diwani, yule mamba wetu, juu ya mkono wangu, ni ya kweli, lakini maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya mtu aliyekuwa nyuma kabisa ya umati. Penye wengi pana mengi. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika, kimefungwa plasta, na daktari anasema mfupa utaunga. Vidole vyote vipo. Mama amevishika kimoja kimoja maana macho yake hakuyaamini.

Diwani ulimwacha angali mdogo, analala ndani ya karai la kufulia. Sasa ukimlaza sebuleni kwetu, kichwa kitakuwa mlangoni na mkia utakuwa jikoni. Baba alimpa jina hilo kwa sababu, alisema, analala mwaka mzima na kuamka tu chakula kikitajwa. Tabia hiyo hajaiacha.

Umeniuliza mara nyingi ninampa dawa gani hata anikubali. Hakuna dawa. Ni kufanya jambo lilelile kila siku na kutomdanganya. Naingia kwa mlango uleule, nimevaa viatu vilevile vya mpira, nasimama anaponiona, kamwe si nyuma yake. Halafu nagonga debe, kama alivyokuwa akigonga Baba. Akisikia debe anatoka majini, anaweka kidevu juu ya jiwe bapa, na anapata kichwa cha samaki mbuta au mgongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, ambao Magige, msaidizi wangu, huuleta kutoka ufuoni Homa Bay. Debe likilia, chakula kipo. Hata siku moja sijawahi kugonga mikono ikiwa mitupu.

Mwanzoni nilikuwa nikimpapasa shingo kwa mwanzi mrefu. Mwaka baada ya mwaka mwanzi ukawa unafupika. Ikaja siku nikaweka kiganja juu ya pua yake, naye akafumba mdomo na kutulia. Nililia siku hiyo. Magige, Mkurya yule ambaye hata moshi haumtoi machozi, alijifanya kuna kitu anakitafuta chini.

Sasa nikueleze lililotokea. Mvua za mwaka huu umezisikia kwenye habari. Nikiwa Suna kwa Mama, Magige akanipigia simu asubuhi. Hakunisalimu, nami nikajua kuna jambo.

"Dada," akasema, "ukuta imeanguka. Diwani hayuko."

Nyoka wote wa bustani yetu ya wanyama hapa Rodi walikuwa salama katika vyumba vyao. Ni ukuta wa chini tu uliobebwa na maji, ule wa upande wa lambo. Na lambo hilo unalijua: kijiji kizima huchota hapo, na ng'ombe wote hunywa hapo. Nilimwomba jirani akae na Mama, lakini barabara ya Rongo ilikuwa imekatika kwa mafuriko na siku hiyo sikupita. Nilifika kesho yake. Jioni moja ilikuwa imekwisha kupita bila mimi, na ilitosha kuharibu kila kitu.

Wanawake walikuwa wamekwenda kuchota maji. Mmoja akaona macho mawili juu ya maji akapiga yowe, "Nyang' biro!" Yaani mamba anakuja. Wewe ni mtoto wa huku, unajua watu wanavyofanya kiboko akipanda kutoka ziwani: wanagonga debe, sufuria, mabati, chochote chenye kelele, mpaka arudi majini. Ndivyo walivyofanya babu zao na ndivyo wanavyofanya wao. Wakagonga kwa nguvu zao zote.

Mamba mwingine angezama akaenda zake. Diwani aligeuka akawajia moja kwa moja. Wakazidi kugonga, naye akazidi kuja. Hofu ikawashika, wakatupa vyombo na kukimbia. Jirani yetu Eucabeth, mke wa Nicodemus, akateleza ukingoni akaanguka. Diwani akatoka majini, akafika karibu na miguu yake, akaachama. Eucabeth alijiburuta kwa makalio hadi kwenye nyasi, kisha akapata miguu ya kukimbilia. Asubuhi yake mbuzi wa Nicodemus, aliyekuwa amefungwa karibu na maji, hakuonekana. Ilibaki kamba.

Kwa hiyo nilipofika sikupokewa kwa karibu nyumbani. Ukingo mzima ulikuwa umejaa watu, wengine na mikuki. Nicodemus alinijia kabla hata sijaweka mkoba chini.

"Nyar Bashir," akaniambia, yaani binti Bashir, "hiyo kitu yako imekula mbuzi yangu. Jana ilitaka bibi yangu. Leo inakufa."

Nilimpa pole, nikamwambia atalipwa mbuzi kwa mbuzi. Hakutaka kusikia, na simlaumu. Ningekuwa mimi ndiye ninayechota maji hapo na watoto wangu, ningeshika mkuki pia.

Afisa wa wanyamapori alikuwa amekwisha kufika, mwanamke anayeitwa Priscilla, bunduki begani, buti zimejaa matope. Usifikiri alikuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, kisha akanieleza msimamo wake bila kuzungushazungusha.

"Madam, mimi nalinda watu kwanza. Mnyama yenye haiogopi kelele ya watu ni hatari. Ikitoka mbele yao tena, napiga."

Nilimsihi anipe nafasi nimshike akiwa hai. Akatazama jua, akasema nina mpaka giza liingie, na kwamba hata hiyo nafasi itakwisha mara moja mamba akimkaribia mtu. Kaka, nilitazama yale maji ya rangi ya chai, mapana, na sikuona hata pua. Nilitaka kumwita, lakini ningemwitaje atoke mbele ya watu wote hao, na Priscilla ameapa kupiga? Magige alisimama na kamba begani. Nilimchukia, Mungu anisamehe, kila mtu aliyekuwa pale, na zaidi nilimchukia aliyejenga ukuta ule.

Wakati huo ng'ombe wakaletwa kunywa, maana kiu haingoji mamba akamatwe. Watu wakajipanga mstari kuwalinda, wakaanza tena kugonga. Ilikuwa kelele ya kupasua kichwa. Na kweli, katikati ya lambo, Diwani akaibuka.

Priscilla akainua bunduki.

Mamba anayewinda haonekani, kaka. Huzama, na utamwona akiwa amekwisha kukufikia. Diwani alikuwa anakuja mgongo wote uko juu, kichwa kimeinuka, taratibu, vilevile anavyonijia mimi nyumbani. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anawashambulia. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita aje kula, halafu kinataka kumuua kwa sababu ameitika.

Nilikwenda nikasimama mbele ya bunduki. Sikushauri hata siku moja ufanye hivyo.

"Toka mbele yangu!" Priscilla akafoka.

"Wanamwita! Hufuata debe tangu akiwa mdogo. Nyamazisha watu. Wakinyamaza atasimama."

"Na asiposimama?"

"Basi piga."

Nilipotamka hayo nilitamani niyarudishe kinywani. Kwa sababu nilijua nyumbani hufanya hivyo, lakini hapa hapakuwa nyumbani. Kulikuwa na ng'ombe, na harufu ya watu, na pengine tumbo limezoea mbuzi. Nilikuwa nimeuweka uhai wake kwenye neno langu, na neno lenyewe sikuwa na hakika nalo.

Priscilla akapuliza kipenga. Alipuliza tena na tena, akipiga kelele kwa Kijaluo waache. Sauti zikaanza kupungua. Debe moja likaendelea, la mzee asiyesikia vizuri, mpaka mtu akamshika mkono. Kukawa kimya. Diwani bado alikuwa anakuja. Nilisikia ng'ombe wakivuta maji, nikasikia Priscilla anavuta pumzi, naye bado anakuja, mpaka nikafumba macho.

Nilipoyafumbua alikuwa amesimama. Alielea palepale, akigeuza kichwa kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama mgeni aliyeitwa chakulani akakuta meza haina watu.

Priscilla hakushusha bunduki, ila aliondoa kidole. "Nenda mbali na watu," akaniambia. "Mwite huko."

Mimi na Magige tulizunguka hadi ng'ambo, mahali pasipo na ng'ombe. Vijana wanne waliokuja na Priscilla walitufuata na kamba, wakalala nyuma ya kichaka. Nilitandika gunia juu ya matope badala ya jiwe lake. Magige alikuwa amebeba ndoo ya vichwa vya mbuta. Nikagonga debe. Mlio wa kwanza haukuwa wa kawaida, nikajilazimisha kutulia, nikagonga tena kama siku zote. Diwani akageuka, akaanza kuja kwangu.

Alikuwa amefika nusu ya njia debe jingine lilipolia upande wa pili. Nilimwona Nicodemus. Alikuwa ameelewa maneno yangu vizuri mno. Alikuwa amechuchumaa kwenye majani, anagonga, na nyuma yake wanaume watatu wana mikuki tayari. Yeye alikuwa karibu zaidi na Diwani kuliko mimi. Diwani akasita, akageuza kichwa, akaanza kumwendea.

Nilipiga kelele, lakini sauti yangu kwa Diwani si kitu. Yeye hufuata debe. Nikazidi kugonga, Nicodemus naye akazidi, na mnyama akawa anaenda kwa aliye karibu, kwa imani ileile.

Aliyetuokoa ni Eucabeth. Sikuona alikotokea. Nilimwona tu amefika kwa mumewe, amempokonya lile debe, ameligeuza chini juu, na amelikalia. Mwanamke mzima, na gauni lake la kanisani, amekaa juu ya debe katikati ya wanaume wenye mikuki, amekunja mikono. Nicodemus akamwinamia akimfokea. Eucabeth akamjibu kwa sauti iliyosikika lambo zima.

"Jana ningekuwa tumboni mwake kama angetaka. Nilianguka mbele yake. Alifungua mdomo akangoja tu. Alikuwa anangoja nimpe! Sasa wacha huyu mama achukue mtoto yake aende."

Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Wewe unamjua Eucabeth. Nikagonga tena, na Diwani akarudi kwangu.

Alitoka majini taratibu, akiburuta tumbo matopeni, akaweka kidevu juu ya gunia. Nilimpa kichwa cha kwanza, akala. Nikampa cha pili. Nilikuwa nataka kumpa ndoo yote, ili nichelewe, lakini jua lilikuwa linashuka na Magige alikuwa ananitazama. Nikapiga magoti. Nikaweka kiganja juu ya pua yake, naye akafumba mdomo akatulia, kama nyumbani.

Nikamfunga.

Nilitumia mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo, nikauzungusha mdomoni mwake haraka haraka. Hakujitetea. Nadhani hakuelewa. Ni pale Magige aliporuka mgongoni na kumfunika macho kwa gunia lenye maji, na wale vijana wakaja na kamba, ndipo alipojirusha. Kichwa chake kikanipiga mkono, nikaanguka, nikasikia mfupa unalia. Hicho ndicho kipande ulichokiona kwenye video. Hapo mdomo wake ulikuwa umekwisha kufungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Sasa yuko katika kidimbwi cha kobe, chenye waya mpya na nguzo za chuma. Kobe tumewahamishia stoo na wamekasirika. Priscilla alikuja kukagua, akaturuhusu tukae naye ilimradi ukuta mpya uwe wa zege na tusiruhusu wageni mpaka aukague tena. Nicodemus alipata mbuzi jike mwenye mimba, akalalamika kwamba ni mwembamba. Siku iliyofuata alikuja kutazama mafundi wakijenga ukuta, akasema hawajui kazi. Tangu hapo huja kila asubuhi kuwasimamia, na hakuna aliyemwomba.

Kwenye simu uliniambia mamba hana rafiki. Kaka, sijawahi kusema mimi ni rafiki yake. Nilisema ananiamini, na hayo ni mambo mawili. Huyo mnyama hakuniahidi chochote. Mimi ndiye niliyemwahidi, kila siku, kwamba debe langu halina hila. Kisha nikalitumia kumkamata. Nilifanya hivyo asiuawe, na leo hii kungekuwa na haja ningefanya tena. Lakini yeye hajui habari za bunduki. Anajua tu kwamba alikuja, nikamfunga.

Tangu siku hiyo hajanijia. Nagonga, ananitazama kutoka upande wa mbali, halafu anazama. Anakula tu nikishatoka. Nikiingia na viatu vyangu vya mpira, ananipa mkia. Magige ananiambia nisubiri. Nimerudi kwenye mwanzi mrefu, ule wa mwanzo kabisa, na hata huo anaukwepa. Utacheka ukisikia dada yako analia kwa sababu ya mamba, lakini nalia, na sioni aibu kukwambia.

Umenisihi niuze wanyama nije Doha nipumzike. Najua ni mapenzi yanayokufanya ufoke, nami nakushukuru kwa hilo. Lakini safari siwezi. Kama angekuwa ananiogopa bure, ningemwachia Magige, nikaja kwako kula tende. Ananiogopa kwa haki. Kwa hiyo kesho nitakwenda tena kukaa pale kwenye waya, na kesho kutwa vilevile, na mkono wangu huu mmoja. Mamba huishi miaka mingi, kaka. Huenda nikazeeka kabla hajasogea, na nimekubali.

Nisalimie sana wifi Kultum, umwambie mafuta ya mgongo nimemtumia kupitia Hamud, apakwe yakiwa ya vuguvugu. Mbusu mwanao Bashir, mwenye jina la Baba, umwambie shangazi yake ni mzima. Magige anakusalimu. Eucabeth naye anakusalimu, na anasema ukija usimletee kitambaa, umletee sufuria kubwa, kwa kuwa yake ilianguka lamboni.

Mola akulinde na jua la huko, akupe riziki ya halali na moyo wa subira, na atukutanishe tukiwa na viungo vyetu vyote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,

Shamima